Bati la Mwanga kwa Mzee Nsiah

Ukifika Suame, pale Kumasi, ukauliza kwa Mama Kiazi, utapelekwa nyuma ya gereji za malori mpaka kwenye banda jeusi lenye vumbi la mkaa. Ndani utamkuta mama wa miaka arobaini na saba, kitambaa kimefungwa mpaka kwenye nyusi, koleo mkononi, anaangalia moto. Usimsemeshe kwanza. Mimi nilimsemesha siku moja nikidhani nafanya heshima, nikapewa maneno matatu ambayo sitayarudia hapa. Alipomaliza kazi alinivutia benchi nikae, akaniletea na kiazi cha moto. Ndivyo alivyo.

Jina lake hasa ni Pokuaa. Hilo la Kiazi alilipata kwa sababu miaka kumi na minane alikaanga viazi vikuu kando ya barabara, hatua ishirini tu kutoka banda la Mzee Nsiah mhunzi. Mumewe alikuwa dereva wa lori. Alipofariki alimwachia watoto wawili, karai moja kubwa na mashemeji wenye midomo. Pokuaa hakulia sana mbele za watu. Alitafuta kuni, akabandika karai, akaanza.

Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Sasa huyu hakuwa mwana wa mhunzi wala mjukuu wa mhunzi. Baba yake alilima kakao huko Ahafo, na chuma pekee alichokijua ni panga lake. Lakini macho hayana pazia. Ukikaanga viazi mahali pamoja miaka kumi na minane, na mbele yako yupo mtu anayetoa chuma motoni kutwa nzima, utajifunza upende usipende.

Siku iliyomtoa kwenye karai ilikuwa ya kawaida tu. Mzee Nsiah alikuwa na panga motoni, na mteja mmoja mwenye maneno mengi akawa anamsimulia mambo ya mazishi ya kijijini kwao, nani kaja na nani kanuna. Mzee akageuza shingo kusikiliza. Pokuaa, mwiko mkononi, akaona chuma kinatoka kwenye wekundu kinaingia rangi ya chungwa, akaita kutoka ng'ambo kwamba limepita. Mzee alimsikia akapuuza. Akalitumbukiza panga kwenye mafuta, na lilipopoa akaligonga mara moja juu ya fuawe, likakatika vipande viwili.

Alivuka barabara na kipande mkononi, akamuuliza amejuaje. Pokuaa akamwambia kila siku yeye hulitoa likiwa na wekundu fulani, na leo ule wekundu ulikuja, ukamsubiri, ukaondoka, yeye bado yuko mazishini. Mzee alicheka mpaka akashika goti. Wiki iliyofuata alirudi, safari hii bila kucheka, akamwambia aje ajifunze kazi.

Alikuwa na sababu zake. Vijana wote wa Suame wamekimbilia kuchomelea, kwa kuwa kuchomelea utajifunza miezi sita ukaanza kula. Kutia chuma ugumu utajifunza miaka mitatu na bado kitakuumbua mbele ya mteja. Na jambo la pili, ambalo mzee hakumwambia mtu, ni kwamba mtoto wa jicho alikuwa ameanza kumwingia macho yote mawili.

Basi Pokuaa, miaka arobaini na mitatu, akamwachia binti yake karai na yeye akaenda kuwa mwanafunzi. Wachomeleaji wa jirani walipata cha kusema mwaka mzima. Wakamwambia samaki mkunje angali mbichi, na huyu kashakauka. Pokuaa akawajibu kwamba samaki mkavu ndiye anayekoleza supu, waulize mama zao. Akaendelea kuvukuta.

Miezi sita ya kwanza alizungusha gurudumu la baiskeli linalopeleka upepo kwenye mkaa, basi. Miezi sita iliyofuata akashika tupa. Mwaka wa pili ndipo mzee alipomkaribisha motoni, na somo la kwanza lilikuwa la kuvunja. Alimpa vipande arobaini vya springi ya lori, kila kimoja akipashe kwa rangi yake, akizamishe kwenye mafuta, akibane kwenye jiliwa na kukivunja kwa nyundo, kisha aangalie ndani. Kilichopashwa sawasawa, ndani yake ni laini na kijivu, punje zake ndogo kama unga. Kilichozidi moto kina punje kubwa zinazometa, mfano wa chumvi ya mawe. Mzee hakuangalia hata kimoja. Alipitisha ukucha wa dole gumba pale palipovunjika, akasema hiki unga, hiki chumvi, hiki chumvi, na wewe mama unataka kuua wateja wangu.

Kazi yenyewe ni hii, nami nitaieleza mara moja tu, asiyeelewa aende akaone. Chuma cha springi ukikipasha mpaka wekundu wake ukakizamisha ghafla kwenye mafuta, kinakuwa kigumu sana, lakini kina roho nyepesi: kikianguka kwenye jiwe kinapasuka. Kwa hiyo unakisugua mpaka king'ae, unakirudishia moto kidogo kidogo, na rangi zinaanza kutembea juu ya uso wake mweupe. Ni lazima ujue rangi ya kukisimamisha. Mzee alikuwa na majina yake ya rangi, magumu, aliyoyarithi kwa mjomba wake. Pokuaa akayaacha, akatumia ya jikoni. Rangi ya kiazi kilichoiva ni ya visu vya kuchonga. Ndizi mbivu ya kukaanga ni ya tezo za kuchongea miti. Ganda la biringani ni la panga. Mzee alilalamika siku mbili tatu kwamba amegeuziwa banda kuwa hoteli, kisha nikamsikia kwa masikio yangu mwenyewe akimwambia mteja, "Hii tezo bado kiazi, ngoja ifike ndizi."

Tezo ndizo zilizolipa banda lile jina. Wachongaji wa vigoda wa kijiji cha Ahwiaa, wanaochonga miti kutwa kucha, walikuwa wakinunua tezo kwa Nsiah tangu enzi za mjomba wake. Mkubwa wao, Mzee Gyamera, alikuwa akija kila Alhamisi, maana Alhamisi ardhi inapumzika, hakuna anayelima wala kukata mti, na watu wa vijijini hutumia siku hiyo kuleta vyuma vyao mjini. Gyamera na Nsiah walitaniana kama wake wenza. Gyamera angesema tezo za siku hizi zinafaa kukatia siagi; Nsiah angemwambia mchongaji mbovu hulaumu tezo. Kisha wanakunywa maji, wanaulizana habari za watoto, Gyamera anaondoka na tezo zake sita.

Mwaka wa tatu wa Pokuaa ulipokaribia kwisha, habari ya kufunguliwa kwake ikaanza kuzungumzwa. Kwetu mwanafunzi wa ufundi hajihesabu fundi mpaka bwana wake amfungue mbele ya watu, amwagiwe poda kichwani na mabegani, aombewe, apigwe picha. Bila hiyo, hata ujue kazi vipi, wewe ni msaidizi wa mtu. Bwana wako akifunga banda kabla ya kukufungua, hakuna fundi mwingine atakayekufungua kwa kazi asiyokufundisha. Utaanza upya kwake, kwenye gurudumu la baiskeli. Pokuaa alikuwa ameshashona nguo ya siku hiyo, nyeupe yenye maua ya buluu, na alikuwa akiifungua kabatini kila Jumapili kuitazama.

Hapo ndipo bati lilipokuja.

Mzee Nsiah hana mtoto wa kumzaa aliye hai. Anaye Amponsem, mtoto wa dada yake, na kwetu Waasante mtoto wa dada ndiye mrithi. Amponsem ni karani wa bohari ya vifaa vya ujenzi, kijana mpole, anavaa shati lenye kola hata akija kwenye mkaa, na anampenda mjomba wake kupita kiasi. Siku moja alimkuta mzee anapapasa meza akitafuta tupa iliyokuwa mbele yake. Jumamosi iliyofuata alikuja na mabati matatu ya plastiki, yale yanayopitisha mwanga, akapanda juu, akang'oa mabati yaliyoota kutu juu ya jiko la mhunzi na kuyapachika mapya. Pokuaa mwenyewe ndiye aliyemshikia ngazi. Jua likaingia mpaka chini ya fuawe. Mzee Nsiah akainua kiganja, akasema anaiona hata mistari yake, na akamwombea mpwa wake maombi marefu mpaka ngazi ikaanza kumtetemesha Pokuaa mikono. Tulipiga makofi sote majirani, hata wale wachomeleaji.

Alhamisi ya tatu baada ya hapo, Gyamera alikuja na tezo mbili zilizopukutika makali. Alitania kidogo tu. Nsiah akalaumu springi, akasema malori ya siku hizi ni makaratasi, akatafuta springi ya lori la zamani. Baada ya wiki mbili zikarudi tatu, moja imepasuka kutoka kwenye makali mpaka kwenye tundu la mpini. Safari hii Gyamera hakutania kabisa, akazungumza na Nsiah kwa adabu, na hiyo ndiyo iliyomuumiza mzee kuliko matusi yote. Alizitupa pembeni zile tezo bila kuzigusa tena. Alipoondoka mgeni, akasema kwa sauti ya chini kwamba kosa si la springi, kosa ni la macho yake, yamekufa. Akaapa kwa jina la mjomba wake: atafua tezo sita nyingine, na zikirudi, Alhamisi hiyohiyo anafunga nyundo kwenye kitambaa na banda linafungwa.

Pokuaa alikwenda nyumbani. Alisikitika kwa ajili ya mzee, ndiyo, lakini nisimpake mafuta kwa mgongo wa chupa, alisikitika pia kwa ajili ya nguo yake ya maua ya buluu. Miaka mitatu ya mkaa kwenye pua, halafu arudi kuwa mwanafunzi wa kuvukuta akiwa na miaka arobaini na sita.

Asubuhi aliwahi kabla ya mzee. Akaziokota zile tezo zilizotupwa, akazibana kwenye jiliwa, akazivunja moja moja. Ndani chumvi tupu, punje kubwa zinazometa. Zilizidi moto. Akafikiri, sawa, mzee haoni tena, anazipitisha. Kisha, kwa kuwa ni mtu asiyejidanganya, akachukua panga moja alilolipasha yeye mwenyewe wiki ile, akalivunja nalo. Chumvi vilevile.

Akakaa juu ya gogo akitafakari. Macho ya mzee yana mtoto wa jicho, na ya kwake ni mazima. Haiwezekani watu wawili wakapofuka wiki moja. Akawaza mkaa, akawaza mafuta, hakupata jibu.

Jibu lilikuja na mvua ya kwanza ya Machi. Ilikuwa adhuhuri, jua kali, mzee ameenda kula, na Pokuaa ana kipande cha springi motoni anakisubiri kifike wekundu wake. Kilikuwa kimeanza tu, wekundu hafifu. Wingu kubwa likapita juu ya Suame, banda likaingia giza ghafla, na kile kipande mbele ya macho yake kikawaka rangi ya chungwa, kimepita zamani. Hakugusa upepo wala mkaa. Wingu likasogea, jua likarudi, na chuma kilekile kikarudi kuwa na wekundu wa uongo, mng'ao wake umefichwa na mwanga.

Pokuaa akainua uso akalitazama bati. Akasema neno moja la matusi, kisha akamwomba Mungu msamaha.

Hakutaka kuamini jicho peke yake. Alikwenda kwa Issaka, fundi redio wa kibanda cha pili, akaazima sumaku iliyotoka kwenye spika ya redio mbovu. Chuma kikifika kwenye moto wake huacha kushikwa na sumaku. Hilo wahunzi wote wanalijua, ila Mzee Nsiah alilidharau, akiita sumaku fimbo ya kipofu. Pokuaa aliifunga kwenye waya, akapasha kipande kingine chini ya jua lile, akawa anakigusisha. Sumaku iliacha kushika wakati jicho bado linamwambia ngoja. Akarudia mara tatu. Kila mara bati lilimdanganya kwa kiasi kilekile.

Sasa usione ni jambo jepesi. Bati lile ni zawadi ya mrithi. Mzee ameliombea mbele ya mtaa mzima, na zawadi ya namna hiyo hakuna anayethubutu kuitia kasoro, sembuse mwanafunzi, tena aliyeshika ngazi. Isitoshe, wakati anahangaika na sumaku, mzee alikuwa ameshazimaliza zile tezo sita kwa mkono wake mwenyewe, amemkataza asimsaidie, na zimeshapelekwa Ahwiaa. Angesema nini, na kwa mdomo upi?

Kwetu neno zito haliendi kwa mwenyewe moja kwa moja. Hupitia mdomo wa mtu wa tatu, hata kama wote mmekaa benchi moja na magoti yenu yanagusana. Pokuaa akapanda gari mpaka Ahwiaa siku ya Jumatano, akamweleza Gyamera mambo yote, na Gyamera akamwonyesha tezo zile: kati ya sita, nne zimepukutika. Akamwambia asihofu. Yeye atalibeba neno lake.

Alhamisi ilipofika, Mzee Nsiah alikuwa ameshafagia banda. Moto haukuwashwa. Nyundo yake, ile ya mjomba wake, ilikuwa juu ya fuawe imefungwa kitambaa cheusi, na Amponsem ameitwa aje kuipokea. Gyamera akaweka tezo nne chini. Nsiah akazihesabu kwa kidole, akatikisa kichwa, akanyoosha mkono kuichukua nyundo. Hapo Pokuaa akakohoa, akamgeukia Gyamera, na mazungumzo yakaanza kwenda kwa mzunguko: yeye anamwambia Gyamera, Gyamera anamwambia Nsiah, ingawa Nsiah alikuwa karibu kiasi cha kumkanyaga Pokuaa kidole.

Gyamera, mnavyowajua wachongaji, hakupeleka neno likiwa tupu. Alilipamba. Alizungumzia jua na mwezi, akazungumzia paka anayeona gizani, mpaka Pokuaa akamvuta nguo.

"Sema tu macho yake hayana kosa," Pokuaa alimwambia. "Sema mwanga wa mpwa wake ni mwema, ila umekaa juu ya moto, na moto hautaki kumulikwa."

Gyamera akayarudia hayo kama yalivyo. Amponsem alisimama, akalitazama bati, akatazama tezo, na uso wake ukaiva.

"Basi ni mimi niliyekuua, mjomba," akasema.

Nsiah akaurudisha mkono kutoka kwenye nyundo, akauweka gotini. Pokuaa aliniambia baadaye kwamba katika muda ule alijiona ameshapoteza vyote, bwana wake na nguo yake, na akajuta kwa nini hakubaki na karai lake. Mwishowe mzee akauliza, bila kupitia kwa mtu, kama kuna turubai. Likatafutwa kwa wachomeleaji. Amponsem akapanda mwenyewe na shati lake la kola, akalitandaza juu ya bati, na banda likarudi kuwa jeusi kama zamani.

Moto ukawashwa. Mzee akaingiza kipande cha springi, akakaa kwenye gogo lake, uso karibu na mkaa. Macho yale yaliyoshindwa kuona tupa mezani yakaanza kufuata ule mng'ao gizani. Pokuaa alizungusha upepo kwa mkono mmoja, mkono wa pili ameshika waya wenye sumaku. Nsiah akatoa chuma.

"Sasa," akasema.

Pokuaa akakigusisha sumaku. Haikushika. Ilining'inia tu kando ya chuma, hakuna mlio hata kidogo, na wote tuliokuwapo tulisikia kwamba hakuna mlio. Mzee akakizamisha kwenye mafuta, moshi ukapanda. Kilipopoa Pokuaa akakivunja, akampa. Hakukitazama. Alipitisha ukucha wa dole gumba pale palipovunjika, mara moja, mara ya pili.

"Unga," akasema, na machozi yakamtoka waziwazi mbele ya mpwa wake, mbele ya mchongaji, mbele ya Mama Kiazi, wala hakuyafuta.

Kisha akageuka mkali. Akauliza kwa nini watu wamesimama wakati kuna tezo nne za kurudia. Akamwita Amponsem, ambaye alikuwa tayari juu anang'oa bati aende kulitupa, akamwambia alaaniwe akilitupa. Gizani huwezi kuona rangi za kurudishia moto. Zile zinataka mwanga, na mzee alikuwa amezikosa miaka mingi, akitegemea kutoka nje na chuma mkononi. Akaamuru mabati ya mwanga yasogezwe hatua nne, juu ya meza ya kusugulia. Mpaka leo yapo hapo. Moto uko gizani, meza iko kwenye nuru, na Amponsem akija na wageni huwaonyesha bati lake kwanza.

Tezo zile nne zilikwenda Ahwiaa, na Alhamisi iliyofuata Gyamera alikuja kusema zinafaa kukatia siagi. Tukajua mambo yamekaa sawa.

Pokuaa alifunguliwa Jumamosi ya pili ya Aprili. Nguo ya maua ya buluu ilimkaa vizuri, na poda aliyomwagiwa ilitosha kukaangia samaki. Wachomeleaji walileta soda. Mmoja akamuuliza kama samaki mkavu sasa amekunjika, naye akamwambia aje aonje supu. Maombi yalipomalizika, Mzee Nsiah akaomba apewe nafasi. Akamwita Amponsem karibu, akamuuliza mbele ya watu kama yeye, mrithi, ana neno juu ya jambo waliloongea nyumbani. Amponsem akasema kigoda cha mjomba na shamba atavirithi kwa mikono miwili, lakini kitu kile hakijui, apewe anayekijua. Ndipo mzee alipokitoa kile kitambaa cheusi, na ndani yake nyundo ya mjomba wake.

Pokuaa aliipokea kwa magoti. Mpini wake una kishimo palipokaa dole gumba la Nsiah, na kabla yake dole gumba la mjomba wake, na dole la Pokuaa likaingia mle lenyewe. Alilia mpaka poda ikawa uji usoni, na picha zote za siku ile zimetoka hivyo. Anazo ukutani, hazimsumbui.

Hiyo ni mwaka jana. Tangu hapo mzee amefanyiwa upasuaji wa jicho moja. La pili amekataa, anasema kwa moto linamtosha. Kila asubuhi anafika bandani wa kwanza, anawasha jiko, anakaa kwenye gogo. Pokuaa akitokea na kitambaa chake kwenye nyusi, mzee anamwamkia, anamuuliza habari za watoto, kisha anamwomba amwazime nyundo mara moja tu, kuna tezo mbili za Gyamera hazijaisha. Naye kila asubuhi anamwambia asichelewe kuirudisha, anampa, anakwenda kuzungusha gurudumu.